Ulimi Wangu Ulipinda Kushoto

Lusangi

Ndugu yangu Amisi,

Ni mimi, Sumaili. Usishangae kuona maandishi. Najua kuandika sasa. Katekista wa hapa alinifundisha pamoja na watoto wake, masika mbili mfululizo, mimi mtu mzima nikikaa nao kwenye benchi moja, magoti yananifika kidevuni. Barua ya kwanza kuiandika kwa mkono wangu ni hii yako. Herufi zangu ni mbaya. Ninakusikia ukicheka: "Sumaili, haya maandiko ao kuku wamepita?"

Nataka nikueleze yaliyonipata tangu siku ile ya mungazi, mti wa mawese, mpaka leo, kwa kuwa mengine uliondoka bila kuyajua, na moja labda uliondoka ukilijua vibaya. Hilo moja ndilo linalonila.

Siku yenyewe unaikumbuka kuliko mimi. Ilikuwa Ijumaa. Tulitoka asubuhi na mapema, wewe na mimi tu, kwenda kukata ngazi, mikungu ya mawese, ng'ambo ya kijito, kwa sababu mama yako alikuwa ameishiwa mawese. Jana yake ulikuwa umegombana na kapita, msimamizi wa pamba, mbele ya watu. Alisema pamba yako ni chafu, akaimwaga chini kwenye vumbi, nawe ukamwambia, "Hii gala yako, siku moja moto itaikula." Watu wote walisikia. Lakini hasira yako haikuwahi kulala nawe hata usiku mmoja. Asubuhi ile njia nzima uliimba, na uliimba vibaya kama kawaida yako, ndege wakaruka.

Wewe hukuwa mtu wa kupanda miti. Tangu utoto ukipanda juu ya kichuguu tu kichwa kinakuzunguka. Kwa hiyo nilipanda mimi, ukabaki chini kunielekeza mikungu iliyoiva. Sikumbuki kamba ya kupandia ikikatika. Nakumbuka tu nimelala kifudifudi kwenye makuti, na kigutu cha kuti kimenichoma chini ya taya, upande wa kushoto, na damu ya moto inaingia kwenye shati.

Ulivua shati lako. Shati letu, lile la mistari ya buluu tulilolivaa kwa zamu, na Ijumaa ile zamu ilikuwa yako, ulitaka kupitia msikitini tukirudi. Ulilichana bila kufikiri. Ukanifunga shingo, ukanibeba mgongoni kama mzigo wa mihogo, ukashika njia ya mkato ya msituni kuelekea dispansere. Hatukukutana na mtu hata mmoja. Nilitaka kufumba macho, na kila nikifumba unanitikisa. "Usilale! Ukilala nakuacha hapa, nyani watakuzika." Tulifika jua limeinama. Infirmiye, muuguzi wa dispansere, alitoka mlangoni, ukapiga magoti mimi nikiwa bado mgongoni mwako, na nilisikia ukilia. Hujawahi kujua kwamba nilisikia.

Mchana ule ule ghala la pamba liliungua.

Siku mbili baadaye polisi walikuja. Ulikuwa unanipepea nzi kwa jani la mgomba. Walikuuliza, "Ulikuwa wapi saa sita ya muchana?" Ukanionyesha mimi kwa kidole, ukatabasamu, kwa sababu jibu lilikuwa limelala hapo mbele yao. "Muulizeni huyu." Nilifungua mdomo, Amisi. Sauti ilitoka. Maneno hayakutoka. Tulidhani ni uvimbe. Infirmiye naye alisema ni uvimbe. Wakakufunga mikono, ukaniambia huku wanakusukuma, "Pona kwanza. Utawaambia siku ya kesi."

Basi nikapona. Hapo ndipo ubaya ulipo: jeraha lilifunga vizuri, uvimbe ukaisha, kila mtu akasema nimepona. Lakini chakula kilijaa upande wa kushoto wa kinywa na hakikusogea mpaka nikitoe kwa kidole. Maji yalinipalia. Nikisema jina langu mwenyewe linatoka kama uji unaochemka. Mama, baba, mimi, hayo yalitoka, kwa kuwa ni ya midomo. Neno lolote linalotaka ulimi usimame au upige meno lilianguka njiani. Jina lako lilikatika katikati. Ami, halafu hewa tupu.

Majuma matano baada ya kuanguka nikaitwa barazani.

Ulikuwa umekonda. Ulikuwa umeketi chini, na uliponiona ulinyoosha mgongo. Infirmiye alikuwa amekwisha kusema kweli yake, kwamba ulinifikisha kwake jua limeinama, una damu yangu mwili mzima. Kapita akasema, "Saa sita aliwasha, kisha akaenda kumuokota mwenzake. Wakati ulimutosha." Aliyebaki ni mimi peke yangu. Waliniapisha. Bwana wa Leta, hakimu wa serikali, aliuliza, mkalimani akaniuliza.

Nilikuwa nimepanga maneno machache kadiri nilivyoweza. Amisi alikuwa na mimi tangu asubuhi. Hakuwasha moto. Ni hayo tu. Nilikuwa nimeyarudia siku nyingi nyumbani mbele ya dada yangu Feza, naye alikuwa ameanza kuyaelewa kwa kuwa alinizoea. Lakini mkalimani hakunizoea. Nilisema mara ya kwanza, watu wakacheka. Nikasema tena, mate yakanitoka. Mkalimani akauliza, "Umekunywa?" Akauliza, "Unajua kuandika?" Nikatikisa kichwa. Bwana akasema kitu, mkalimani akaniambia, "Toa ulimi, Bwana aone."

Nikautoa. Nilidhani umetoka sawa. Sikuwa nimewahi kuuona. Watu wote wakaguta, "Eeee!" na wanawake wakafunika midomo, kwa sababu ulimi wangu ulitoka umepinda, ncha yake imegeukia kushoto kama inaninong'oneza kitu begani. Mzee mmoja akasema kwa sauti, na wewe ulisikia: "Ameapa bongo, ameapa uongo. Ulimi imemugeuka."

Hapo nikachanganyikiwa. Sasa nakuja kwenye lile jambo. Nisikilize vizuri. Nilitaka kuwaonyesha kwa mikono kile ambacho mdomo umekataa. Niligusa kovu langu shingoni. Kisha nikakuonyesha wewe. Maana yake: huyu ndiye aliyenifunga jeraha hili, huyu alikuwapo nilipoumia. Nikagusa tena kovu, nikakuonyesha tena, kwa nguvu zaidi. Na mkalimani akageuka kwa Bwana, akasema, na kwanza akalisema kwa Kiswahili ili watu wote walisikie: "Anasema huyu ndiye alimupiga pa shingo, asiseme aliyoyaona."

Nilipiga kelele. Nilitikisa kichwa mpaka polisi wakanishika mabega. Kelele zangu ziliwathibitishia tu.

Na wewe ulisema neno moja. Ulisema, "Mumuache. Iko mugonjwa."

Neno hilo nimelitafuna miaka yote hii, Amisi, na kulimeza sijaweza. Ulitaka kusema: mwacheni, ni mgonjwa, msimtese? Au ulitaka kusema: ni mgonjwa, ndiyo maana ananisingizia? Ulinitazama, lakini walikuwa wanakuinua tayari, na sikuweza kuyasoma macho yako. Walikupa miaka saba. Wakakupeleka mbali, ng'ambo ya mto, kujenga barabara.

Baada ya hapo sikutaka kula. Kula kwenyewe kulikuwa kazi, na sikuona sababu ya kazi hiyo. Mama yako alipita mbele ya nyumba yetu akienda kisimani, hakugeuza shingo. Siku moja Feza alinikamata mkono, akasema, "Ukitaka kufa, enda kufia Kasongo, si mbele yangu," akanipandisha juu ya magunia kwenye kamio, lori la pamba. Tukaenda lopitali.

Munganga mkubwa, Mzungu, alinitazama kinywani kwa taa, akabonyeza shingo, akasema maneno mawili matatu ya Kifaransa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Aliyenieleza ni infirmiye mmoja jina lake Kalonda, mtu wa Nyangwe, mtoto wa wavuvi. Alichora kichwa cha mtu chini kwenye mchanga kwa kijiti. Akasema ulimi haujiendeshi. Kuna mishipa miwili myembamba kama uzi, si ya damu, ni ya kupeleka amri. Inatoka chini ya ubongo, mmoja kuume mmoja kushoto, inashuka nyuma ya taya, inapinda, inaingia ulimini. Kile kigutu cha kuti kilipitia pale pale. Uzi wa kushoto umeumia.

Nilimwonyesha kwa kidole: mbona basi unapinda kushoto? Nilidhani upande mzima ndio unavuta.

Akacheka kidogo. "Hauvuti. Unasukuma. Mutumbwi iko na wapiga kasia wawili, sivyo? Wa kushoto akilala, wa kuume anapiga peke yake. Mutumbwi itaenda wapi?"

Itageukia kushoto.

"Basi. Hapana bongo, hapana laana. Mupiga kasia mumoja analala."

Nililia pale chini, Amisi, mbele ya wagonjwa. Kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Mchoro wa mchanga na neno la mtumbwi, hata kapita angeelewa. Kama Kalonda angekuwa barazani siku ile, ungelala nyumbani. Kuelewa hakukunipa faraja. Nilipokuwa sielewi niliweza kujiambia labda wazee wana haki, labda kuna kosa nililofanya. Sasa nilijua kwamba ulifungwa kwa ajili ya uzi.

Nikamuuliza kwa mikono kama utaamka. Hakunidanganya. Alisema kama mshipa umekatika kabisa, hautarudi. Kama umepondwa tu, utarudi polepole sana, miezi, labda mwaka, labda nusu tu. Alinionyesha kwenye kioo cha masere, watawa wa lopitali, jinsi upande wa kushoto ulivyoanza kukonda na kukunjamana, na jinsi nyama yake ilivyokuwa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Akasema wakati wa kungoja, ufundishe ulimi kazi, usiuache ulale. Na kula ugali wa mtama au uji mzito, matonge madogo, kidevu kimeinama, usipaliwe.

Tulirudi Lusangi na kazi hiyo. Feza alinipaka asali kwenye pembe ya mdomo upande wa kuume, upande ambao ulimi haukutaka kwenda, nami niifuate. Siku za kwanza asali ilikauka pale pale, inzi wakaila wao. Aliweka kidole chake juu ya shavu langu la kuume, nami nisukume kutoka ndani. Hakusikia kitu. Kila asubuhi aliuliza, "Umesukuma?" nami nimetoka jasho. Tulifanya ta ta ta, la la la, na watoto wa jirani wakanicheka, wakaniita Lala.

Mwezi wa sita wa kazi hiyo Feza aliondoa kidole ghafla, akakitazama. "Kuna mutu mule ndani," alisema.

Wewe ungefurahi. Mimi nilifurahi siku moja. Kesho yake nikahesabu: wewe umekaa miezi minane, na mimi nimeweza kusukuma kidole cha mwanamke. Tangu hapo kila herufi iliyorudi ilirudi kama mgeni aliyechelewa mazishi. T ilirudi. L ilirudi. K ilichukua muda, nyuma kule kooni. S ndiyo ilinitesa zaidi ya zote, na jina lako bila S si jina. Nilikuwa naenda peke yangu shambani nasema Amisi, Amisi, mpaka shavu linauma. Siku jina lako lilipotoka zima niliketi chini katikati ya pamba, sikuweza kuendelea kuvuna.

Mwaka mmoja na miezi minne baada ya baraza, nilijua niko tayari. Si kwamba ulimi ulikuwa kama zamani. Mpaka leo upande mmoja umesinyaa, na nikichoka maneno yanateleza. Lakini mtu asiyenizoea aliweza kunielewa. Nilijaribu kwa mchuuzi wa samaki kutoka Nyangwe. Nilimwambia yote, akasema, "Masikini huyo Amisi," na hakuuliza hata neno moja mara mbili.

Nikaoga, nikaenda kwa miguu mpaka barazani. Bwana wa zamani alikuwa ameondoka, na mkalimani alikuwa mwingine, kijana mpole. Nilisimama mbele ya meza, nikasema. Amisi alikuwa na mimi tangu asubuhi. Tulikwenda kukata ngazi. Nilianguka. Alichana shati lake. Alinibeba. Hakuwasha moto. Sikutetereka hata mahali pamoja. Mkalimani aligeuza kila neno, na Bwana mpya aliandika, Amisi, kweli aliandika! Nilimwona akichovya kalamu. Kisha alifungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akasimama mahali. Akasema na mkalimani kwa sauti ya chini.

Mkalimani hakunitazama usoni. Aliniambia, "Huyu mutu amekufa. Tumbo la damu. Miezi mitatu sasa."

Nikauliza kama mama yake ameambiwa. Akauliza Bwana. Akaniambia hapana, haikuandikwa kwamba ameambiwa.

Na kesi? Kesi imekwisha. Mtu aliyekufa hahukumiwi tena, wala haachiliwi.

Miezi mitatu. Miezi mitatu nyuma nilikuwa bado napambana na S. Nimejaribu kujiambia kwamba hata ningekuwa tayari mapema wangenifukuza. Siku nyingine nasadiki. Siku nyingi sisadiki.

Nilirudi Lusangi nikiwa nimebeba habari hiyo, na hapakuwa na mwingine wa kuipeleka. Mama yako alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuwa amesema nami tangu baraza. Nilisimama uani pake nikamwambia, "Mama, Amisi ameaga dunia." Nilisema kwa maneno mazima, kila herufi mahali pake. Alishika mchi, hakuutua. Kwanza hakulia. Aliniangalia mdomo. Akasema, "Ulimi yako imepona."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Basi sasa sema," akasema. "Sema yote. Niambie mwanangu alifanya nini siku ile."

Nikaketi chini nikamwambia. Nilimwambia kuhusu wimbo na kamba na shati. Nilimwambia kuhusu nyani. Nilipofika pale ulipopiga magoti ukilia, mchi ulimtoka mkononi, na majirani wakasikia sauti yake, wakaja.

Siku za matanga aliniomba niseme tena mbele ya watu wote. Nikasema. Nilichora chini kichwa na nyuzi mbili, kama Kalonda alivyochora, nikawaeleza mtumbwi na wapiga kasia. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha yule mzee wa barazani akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Tumeona. Aliyesingiziwa akifa, ulimi wa mwongo unaachiliwa." Watu wakaitikia. Hawakuwa wabaya, Amisi. Waliliona jambo hilo kuwa tamu kuliko nyuzi zangu. Hata leo ukiuliza mtu hapa Lusangi, atakwambia wewe hukuchoma ghala, na atakwambia pia kwamba mimi ndiye niliyekuuza na kiapo kikanipinda ulimi. Jina lako limetoka kidogo kwenye matope kwa kukanyaga langu. Nimeliacha hivyo. Mama yako peke yake anajua, na Feza.

Aliyechoma ghala hatujui. Kapita bado ni kapita. Pamba bado tunalima.

Mama yako amezeeka kwa ghafla. Macho yamepunguka, hapiki tena mpaka mtu amkolezee moto. Ananiita mwanangu, na kila akiniita nakumbuka lile neno lako moja na sijui kama nina haki ya kuitika. Laiti ungeniambia. Laiti angepita mfungwa mmoja tu aliyefanya kazi nawe barabarani, nikamuuliza ulikuwa unanitaja kwa sauti gani. Nimeuliza wengi. Hakuna aliyekujua.

Kwa heri, ndugu yangu. Mungu akupokee kwa upole ambao hapa hukuupata, na kama huko wanakuuliza ulikuwa wapi saa sita ile, natumaini hakuna haja ya mkalimani. Wakati wa kiangazi nitavuka mto niende kuuliza wanapowazika wafungwa. Labda hawatanionyesha, labda ni majani tu. Siwezi kukuahidi kwamba nitakupata, wala kwamba mtu wa Leta atalifuta jina lako kitabuni, kwa sababu hayo yanataka mtu anisadiki. Nakuahidi kwamba maadamu mama yako yu hai kuni zake nitapasua mimi, maji yake nitateka mimi, na siku yake ikifika nitamzika kwa mikono yangu.

Mimi, Sumaili